Filamu za Krismasi za furaha iliyopotea: angalieni inarudi dakika gani

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome kwa vipande. Nitasimulia mpaka miisho, kwa hiyo ambaye hajaziona filamu hizi na hapendi kuharibiwa utamu, aishie hapa akatazame kwanza. Uzi hautakimbia.

Nataka tuzungumzie filamu za Krismasi za familia, zile za mtu mzima aliyepoteza furaha ya sikukuu na mwishoni ikamrudia. Kila Desemba zinatoka mpya kibao, na kila Desemba kuna watu wanazibeza kwamba kazi yake ni kuliza tu. Mimi nimekaa nazo miaka mingi, sababu nitaieleza huko chini, na kuna jambo nimeliona kwenye zile nzuri ambalo sijaona likizungumzwa humu. Mwangalie mhusika, halafu angalia ni dakika gani hasa furaha inamrudia. Kwenye filamu nzuri inarudi kabla shida haijaondoka. Msaada unakuja nyuma yake.

Nianze na ile ambayo kwangu ndiyo ngumu kuitazama kuliko zote, One Magic Christmas ya mwaka 1985. Ni ya Disney, mwongozaji wake alikuwa Mkanada, Phillip Borsos, na ilipigwa Ontario. Mary Steenburgen anaigiza mama anayeitwa Ginny Grainger. Mumewe, Jack, amepunguzwa kazini. Nyumba wanayokaa ni ya kampuni, na mwaka mpya ukiingia wanatakiwa wawe wameshahama. Ginny ni keshia wa supamaketi. Jack anaota kufungua duka la baiskeli kwa akiba kidogo waliyonayo benki, na kila akiligusia hilo, mkewe anakaza uso.

Kilichonikamata ni kwamba Ginny si mkorofi. Amechoka. Anawajibu watoto wake kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu kichwani. Kama umewahi kuwa mzazi asiyejua kodi ya mwezi ujao itatoka wapi, sauti ile unaijua.

Binti yake mdogo, Abbie, ana barua ya kwenda kwa Santa na anataka mama yake aitumbukize kwenye sanduku la posta. Mama hana muda na mambo hayo. Hapo anaingia malaika Gideon, ameigizwa na Harry Dean Stanton, mwanamume mkimya mwenye kofia na koti refu jeusi, anayekaa juu ya mti akipiga harmonika. Usiku mmoja barabarani Ginny anashindwa hata kutamka "Krismasi njema". Taa za mtaani zinazimika.

Siku inayofuata ni mbaya mno. Jack anaenda benki, anakutana na jambazi, anapigwa risasi na kufa. Jambazi mwenyewe ni mwanamume aliyekwama kimaisha ambaye asubuhi ile alikuwa kwenye kituo cha mafuta akijaribu kuuza vitu vyake, likiwemo jiko dogo la kubebea safarini. Ginny alikuwepo pale. Alimwona, akajaza mafuta, akaondoka zake.

Sasa nakuja kwenye ile dakika. Abbie anafika mpaka kwa Santa, na Santa hawezi kumrudisha baba yake. Anachompa ni barua ya zamani, aliyoiandika Ginny mwenyewe alipokuwa mtoto. Abbie anampelekea mama yake. Ginny anaisoma. Halafu anatoka nje, anaichukua ile barua ya binti yake aliyoikataa, na anaitumbukiza kwenye sanduku.

Wakati mkono wake unaiachia barua ile, Ginny bado ni mjane. Hajaahidiwa kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba akifanya hivyo mumewe atarudi. Anaituma kwa sababu binti yake aliomba, na kwa sababu amekumbuka kwamba na yeye aliwahi kuomba. Baada ya hapo ndipo taa zinawaka na Jack anatokea akitembea barabarani.

Nitaendelea jioni, nina kazi ya kumaliza. Ila nawaomba mkae na hiyo picha: barua kwanza, Jack baadaye.

#2 Mdau

Mkuu heshima yako. Ila naomba nipinge kidogo. Hiyo filamu inaua baba wa watoto halafu inamfufua. Kwangu huo ni ujanja wa mwandishi: anakuchoma kisu, anakitoa, unamshukuru. Maisha hayarudishi siku nyuma. Mtu aliyefiwa kweli akiitazama anabaki na nini?

#3 Mdau

Niliiona nikiwa mdogo, sikulala. Nakubaliana na #2.

#4 Mleta uzi

#2, hoja yako ni nzito na sitaki kuipita juu juu. Nimeifikiria miaka mingi. Hata mimi nikiitazama, pale Jack anapotokea kuna sehemu ndani yangu inakataa, kwa sababu wangu hajarudi.

Lakini angalia filamu inafanya nini baada ya kumrudisha Jack. Siku inaanza upya, na Ginny anafika tena kituo cha mafuta. Yule mwanamume yupo na jiko lake. Ginny hana kazi ya uhakika, mumewe hana kazi, nyumba inachukuliwa. Safari hii anasimama na kulinunua jiko ambalo hana haja nalo. Benki haivamiwi tena. Mwandishi angeweza kabisa kumtuma malaika amzuie jambazi. Hakumtuma. Aliyezuia risasi ni mama mmoja aliyesimama kwenye pampu ya mafuta akamtazama mwenzake usoni.

Kwa hiyo ndiyo, siku imerudishwa nyuma, na hilo maishani halipo. Kituo cha mafuta lakini kipo. Kila mtu ana mahali pake pa kumpita mtu.

Sasa niwape ambayo hairudishi chochote.

It's a Wonderful Life ya Frank Capra, mwaka 1946. Wengi mnaijua kwa jina. George Bailey, ameigizwa na James Stewart, amezikwa maisha yake yote katika mji mdogo wa Bedford Falls, akisimamia chama kidogo cha kukopesha watu pesa za nyumba. Alitaka kuzunguka dunia, hakuzunguka popote. Siku ya mkesha wa Krismasi, baba yake mdogo Billy anapoteza dola 8,000 za chama. Zimeangukia mikononi mwa Potter, tajiri wa mji, naye anazificha kimya kimya. George anakabiliwa na jela.

Kuna tukio kwenye baa. George amekaa kaunta, anaomba Mungu kwa sauti ya chini, mtu asiyezoea kuomba. Stewart alisimulia mwenyewe kwamba machozi pale yalimtoka bila kupangwa, na kwa kuwa kamera ilikuwa mbali, Capra ilibidi aivute picha karibu baadaye maabara ili uso uonekane. Ndiyo maana kipande kile kina chengachenga kidogo. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Stewart baada ya vita. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu, ameruka misheni 20 za mapigano. Ukilijua hilo, ule uso hauwezi kuutazama kama uigizaji tu.

Mnajua kinachofuata. George anatamani asingezaliwa, malaika Clarence anamwonyesha mji usio na yeye, na mwisho anarudi darajani analia aachwe aishi tena. Theluji inaanza kuanguka. Rafiki yake polisi anamkuta, anamwita kwa jina lake.

Na George anagusa mdomo. Unatoka damu. Alipigwa ngumi kule baa, na katika ule ulimwengu ambao hakuzaliwa, jeraha halikuwepo. Sasa limerudi. Anashangilia kwamba mdomo wake unavuja damu! Anaingiza mkono mfukoni, anayakuta majani ya ua la binti yake Zuzu yaliyodondoka, ambayo aliyasokomeza humo ili mtoto asione kwamba ua limeharibika. Yapo.

Anakimbia mji mzima akipiga kelele za Krismasi njema, hata dirishani kwa Potter aliyemwibia. Anafika nyumbani, maofisa wanamsubiri na hati ya kumkamata, naye anaipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Anapanda ngazi, na kile kichwa cha nguzo ya ngazi kinachong'oka kila mara, kilichomtia hasira mapema jioni ile, kinabaki tena mkononi mwake. Anakibusu, anakirudisha mahali pake.

Hesabuni. Mpaka hapo hajapata hata dola moja. Anajua anaenda jela. Mkewe Mary na majirani wenye pesa hawajaingia mlangoni. Furaha imeshamrudia yote, pamoja na jeraha lake, ngazi yake mbovu na deni lake.

Na Potter hakamatwi. Zile dola 8,000 anabaki nazo mpaka neno "mwisho" linatokea. Filamu haimshughulikii tena.

#5 Mdau

Aisee. Nimeiona hiyo filamu zaidi ya mara kumi na sikuwahi kugundua kwamba Potter hakurudisha pesa. Nilijua tu kwamba mambo yaliisha vizuri.

#6 Mdau

Dada, uzi mtamu. Mimi niongeze la kiufundi kwa wapenzi wa filamu. Ile theluji ya Bedford Falls ilipigwa kipindi cha joto, kiangazi cha 1946. Zamani Hollywood walikuwa wanatumia vipande vya mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, vile vya kifungua kinywa, vikikanyagwa vinapiga kelele mpaka maneno yanarekodiwa upya. Capra alitaka sauti ya palepale, kwa hiyo mafundi wakatengeneza theluji ya povu la kuzimia moto lililochanganywa na maji na sabuni. Walipewa tuzo ya ufundi ya Akademi, wale wa Oscar, kwa kazi hiyo. Tazameni pale darajani, Stewart analoa jasho kwelikweli.

Na filamu yenyewe ilipotoka haikurudisha gharama vizuri. Mwaka 1974 haki miliki ikapitiliza bila kuhuishwa, vituo vya TV vya Marekani vikaanza kuirusha ovyo kila Desemba kwa kuwa picha ilikuwa haina mwenyewe wa kulipwa. Hivyo ndivyo ilivyogeuka filamu ya familia. Ilipuuzwa kwanza.

#7 Mleta uzi

#6 ahsante sana, la theluji ya povu nilikuwa nalijua ila si kwa undani huo.

Naendelea, maana kuna mzee hatuwezi kumruka. Hizi filamu zote zina babu mmoja, hadithi ya Charles Dickens, A Christmas Carol, iliyotoka tarehe 19 Desemba 1843. Aliiandika kwa takriban wiki sita, na nakala 6,000 za mwanzo zilikwisha kabla ya Krismasi yenyewe. Imetengenezewa filamu mara nyingi mno.

Watu wanamkumbuka Scrooge kama bahili anayetishwa na mizimu mpaka anatoa pesa. Kwamba aliogopa kaburi lake, basi. Naomba mrudi kwenye mzimu wa kwanza, wa Krismasi zilizopita. Unampeleka shuleni kwake. Watoto wote wameshaenda likizo, amebaki mmoja, peke yake darasani, karibu na moto hafifu. Ni yeye. Scrooge anakaa kwenye benchi na kumlilia yule mtoto.

Halafu anatamka kitu ambacho ukiwa unasoma haraka kinakupita. Anasema angependa kufanya jambo, ila sasa ameshachelewa. Mzimu unamuuliza, jambo gani? Anajibu kwamba jana usiku kuna mvulana alikuja kuimba mlangoni kwake, na anatamani angempa chochote. Basi, ni hilo tu.

Hapo hajatishwa bado na kifo chake. Kaburi liko mbali. Amemwona mtoto aliyekuwa yeye, na jicho lilelile likamwona mtoto wa mlangoni aliyemfukuza. Ginny ni hivyohivyo: amesoma barua ya mtoto aliyekuwa yeye, ndipo akaweza kumwona mwanamume mwenye jiko. Miaka 142 iko kati ya hadithi hizo mbili na bawaba ya mlango ni ileile.

Na Dickens hakuokota jambo hilo hewani. Mwaka 1824 baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, London, na Charles akiwa na umri wa miaka 12 akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vyungu vidogo vya dawa ya viatu. Yule mtoto aliyeachwa peke yake alikuwa anamfahamu.

Niongeze na hili la Scrooge: asubuhi ya Krismasi anapoamka anacheka, yeye bado ni mzee. Mchumba wake Belle ameshaolewa zamani na mtu mwingine, ana watoto. Harudi. Dada yake ameshakufa. Hakuna kilichorudishwa isipokuwa yeye.

#8 Mdau

Mleta uzi, unapozungumzia Belle umenikumbusha toleo la Muppet la 1992, lile la Michael Caine. Nimekua nalo. Caine aliigiza kwa uzito wote kama vile anaigiza na watu, wakati pembeni yake ni vikaragosi vya kitambaa. Brian Henson aliongoza, na baba yake Jim, aliyevianzisha vikaragosi hivyo, alikuwa amefariki 1990. Nadhani huzuni iliyomo humo ni ya kweli.

#9 Mleta uzi

#8 umenigusa penyewe! Kuna kisa cha filamu hiyo kinachoeleza hoja yangu kuliko nilivyoeleza mimi. Belle alikuwa na wimbo, anaouimba siku anayomwacha kijana Scrooge, na Scrooge mzee amesimama nyuma yake anajaribu kuuimba naye, anaushindwa. Wakubwa wa studio waliona watoto watachoka, ukakatwa kwenye toleo la majumba ya sinema. Tatizo ni kwamba wimbo wa mwisho wa filamu, ule wa furaha, umetungwa kuujibu ule wa Belle. Muziki ni uleule umegeuzwa maneno. Kwa hiyo kwa watazamaji wengi jibu lilikuja bila swali. Miaka mingi baadaye kipande cha asili kikapatikana, na Desemba 2022 toleo kamili likawekwa Disney+.

Nilizitazama zote mbili, siku mbili mfululizo. Katika ile fupi, Caine akiimba mwishoni unatabasamu. Katika ile kamili, unajua anaimba muziki wa siku aliyoachwa.

Hapo ndipo filamu nyingi mpya za TV zinapoanguka, na nasema hivi kwa huzuni kwa sababu ninazitazama zote. Mhusika ana kazi kubwa mjini, "hapendi Krismasi", anarudi kwao, anakutana na kijana mwenye shati la mirabamiraba, wanapamba mti, kwisha. Alipoteza nini? Sijaonyeshwa. Wanaogopa kumkera mtazamaji kwa dakika kumi za huzuni, halafu wanashangaa mbona machozi hayaji mwishoni. Mti unawashwa, watu wanapiga makofi, na mimi nimekaa tu.

#10 Mdau

Na Home Alone je? Ile ni vichekesho tupu, watu wanaanguka na kupigwa vichwani.

#11 Mleta uzi

Hapana mkuu, usimpite yule mzee wa jirani. Home Alone ni ya 1990, John Hughes aliandika, Chris Columbus akaongoza, muziki ni wa John Williams. Toeni mitego yote, toeni wezi, mbakize kanisani tu.

Kevin, mtoto wa miaka minane aliyesahauliwa nyumbani familia iliposafiri, anaingia kanisani usiku wa mkesha. Kwaya ya watoto inafanya mazoezi. Mzee Marley, ambaye mtaa mzima unamzushia kwamba ni muuaji, anakuja kukaa karibu naye. Anamwonyesha binti mdogo kwenye kwaya: ni mjukuu wake. Amekuja kumsikiliza hapa kwa sababu nyumbani kwa mwanawe hakaribishwi. Waligombana miaka iliyopita, hawaongei. Kevin anamuuliza kwa nini asimpigie. Mzee anasema anaogopa mwanawe hatataka kuongea naye. Na mtoto anamwambia kwa akili ya kitoto kabisa kwamba akipiga angalau atajua, hofu itakwisha.

Mwishoni, mama yake Kevin akiwa amesharudi, nyumba imejaa kelele, Kevin anaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, kwenye theluji, mzee amemkumbatia mjukuu wake, mwanawe yupo pembeni. Mzee anainua macho, anamwona mtoto dirishani, anapunga mkono. Hakuna neno linalosemwa. Mimi kila mwaka nalilia pale, na sijawahi kulilia tukio la mama kurudi, ingawa nalo ni zuri.

Mzee alipiga simu bila kujua itapokewaje. Dakika ya furaha yake hatukuonyeshwa. Ipo mahali fulani kati ya kanisa na dirisha, mkono wake ukiwa juu ya simu.

#12 Mdau

Dada samahani kama ninaingilia. Kule #4 uliandika "wangu hajarudi". Kama hutaki kusema ni sawa. Mimi mwaka huu nimempoteza mama, mwezi wa sita. Watoto wangu wananiuliza kama tutaweka mti. Sijui nijibu nini. Nimeusoma uzi wako wote nikiwa nimejifungia chumbani.

#13 Mleta uzi

Pole sana, mwenzangu. Pole. Huingilii kabisa. Nilisema mwanzoni kwamba sababu nitaieleza, na nimekuwa naizunguka.

Mimi nilimpoteza mume wangu, na miezi minne baadaye nikaachishwa kazi. Krismasi ya kwanza sikuiona, yaani siikumbuki. Ya pili nilikuwa naikumbuka vizuri na sikuitaka. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Aliikuta One Magic Christmas kwenye kabati la diski za baba yake, akaiweka mwenyewe, akanivuta mkono nikakae. Nilikaa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa.

Katikati akaniuliza, "Mama, huyu mama mbona anaongea kama wewe?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amefurahi kugundua.

Jack alipouawa nilitaka kuizima. Sikuzima, na nikalia mbele ya mtoto, jambo ambalo nilikuwa nimejizuia kwa mwaka na zaidi. Yeye akachukua kona ya blanketi akanifuta, akaendelea kutazama. Lakini alipotokea Jack sikusikia chochote, sitakudanganya. Niliona kama nimeonewa. Kilichonipata ni kituo cha mafuta. Ginny alipogeuka kurudi kwa yule mtu, nikamkumbuka mama wa nyumba ya pili yangu. Alikuwa ananisalimia kila asubuhi tangu msiba, na mimi tangu msiba nilikuwa naitikia kwa kichwa na kupita. Alikuwa anaishi peke yake. Nilikuwa nalijua hilo siku zote na sikuwahi kulifikiria hata mara moja.

Filamu ilipokwisha nikaenda kumgongea. Ilikuwa yapata saa tatu usiku. Akafungua mlango nusu, amevaa miwani ya kusomea, kidole kimoja bado kiko ndani ya kitabu ili asipoteze ukurasa. Sikuwa nimeandaa la kusema. Nikamwambia, "Nimekuja kukujulia hali." Akanitazama, akatoa kidole kwenye kitabu, akakifunga. Akasema, "Pita basi, baridi inaingia."

Tulikaa kama nusu saa. Hatukuzungumzia msiba. Alinieleza kuhusu bomba lake lililokuwa linavuja na fundi anayeahidi kila siku na haji. Nikiwa njiani kurudi, hatua kama ishirini tu, nikajikuta nacheka peke yangu gizani kwa sababu ya yule fundi. Nikasimama. Nilisimama kabisa, kama George alivyogusa mdomo wake. Kazi sikuwa nayo. Mume wangu alikuwa kaburini. Na nilikuwa nimecheka.

Haikubaki. Kesho yake niliamka nzito kama kawaida. Ilirudi siku nyingine, ikaondoka, ikarudi. Lakini nilikuwa nimeshajua kwamba haisubiri mambo yatengemae, na tangu hapo ndipo nilipoanza kuzitazama hizi filamu huku nahesabu dakika.

Kuhusu mti, siwezi kukuamulia. Mwaka ule sisi hatukuweka. Binti alichora mmoja kwenye karatasi, akaubandika kwenye friji, ukakaa mpaka Machi. Na kama watoto wako ni wadogo, usianze na hii ya 1985. #3 yuko sahihi, inatisha, risasi na gari linalotumbukia mtoni si vya mtoto aliyefiwa na bibi mwezi wa sita. Anzeni na ile ya Muppet, toleo kamili lenye wimbo wa Belle. Watoto watacheka na vikaragosi. Wewe ukifika kwenye wimbo, lia. Wakiona, waache waone.

#14 Mdau (wa #12)

Ahsante, dada. Wapo wawili, saba na tisa. Nitaitafuta hiyo.

#15 Mdau (wa #2)

Mleta uzi, mimi ndiye niliyepinga. Sijabadili mawazo yote kuhusu Jack, bado naona amefufuliwa kirahisi. Ila jana usiku nimeitafuta filamu nikaenda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta. Nimekitazama mara mbili. Kuna jambo hukulitaja: yule mwanamume yuko na mtoto wake.

#16 Mleta uzi

Ni kweli, yuko na mwanawe. Nilisahau kabisa kuliandika. Naenda kuitazama tena sasa hivi, binti ameshakaa.